Tunanunua maji kwa bei ya kuni

Kwa Mhariri,

Mwezi uliopita chuo ninachofanyia kazi, huku magharibi, kilibandika tangazo la kuomba maoni kuhusu utunzaji wa mazingira. Maoni yalitakiwa kutumwa kwa barua pepe ya chuo. Sisi wa jikoni hatuna barua pepe ya chuo. Nimepika hapa miaka 19, nina nambari ya kazi, aproni mbili na ufunguo wa kabati, lakini hiyo barua pepe sijawahi kupewa. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Jina la chuo nalihifadhi kwa kuwa mshahara bado nauhitaji.

Tunapikia kuni. Majiko yetu ni yale ya kujengewa, ya sufuria kubwa ambazo ukitaka kuzisugua vizuri lazima uingie nusu mwili. Lori la kuni huja kila baada ya wiki mbili, na kwa mujibu wa zabuni, mwenye lori hulipwa kwa tani. Hapo kwenye tani ndipo ninapoomba maprofesa waniazime masikio. Mti uliokatwa jana, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Sasa wewe unayelipwa kwa uzito, utaanika kuni zako kwa faida ya nani? Kila siku gogo likikaa juani linakuwa jepesi, na wepesi huo unatoka mfukoni mwako. Kwa hivyo anakata asubuhi, anapakia mchana, jioni anapita kwenye mizani magogo yakiwa bado yanatoa utomvu. Sisi tunalipia maji yale, kisha tunachoma kuni nyingine kuyakausha kabla moto haujafikiria kuivisha ugali. Moshi wake ukishaingia machoni hautoki na maji ya bomba. Kuna wenzangu wawili ambao wanakohoa Januari hadi Desemba.

Mama mkwe wangu, kule Vihiga, hakuingia darasani hata siku moja. Lakini kuni zake alizipasua Desemba, akazipanga juu ya dari ya jiko, na mvua ya Aprili ilipokuja yeye alikuwa anawasha kwa njiti moja. Chuo chenye watu wa kemia na fizikia kinashindwaje?

Dawa yake haihitaji mfadhili. Kuni zilipwe kwa mrundo uliopimwa kwa futi, urefu kwa upana kwa kimo, wala si kwa tani. Zinunuliwe nyingi wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, zikiwa zimepasuliwa, kwa maana gogo zima hukauka polepole sana. Lijengwe banda la mabati lisilo na kuta ili upepo upite. Hivi sasa kuni zetu zinalala nje, chini, kwenye nyasi. Hata zile chache zinazofika kavu tunazilowesha sisi wenyewe.

La pili ni githeri. Kila mwanamke anajua mahindi na maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi. Mimi nyumbani, yasipolowekwa hunichukua kama saa tatu, na yakilowekwa hayafiki saa mbili. Ukiyamwaga yale maji ya kulowekea, tumbo nalo halijai gesi, na nina hakika wanaolala wanane katika chumba cha wanne watashukuru. Mbona basi chuoni hatuloweki? Kwa sababu ya ufunguo. Mtunza stoo hufunga saa kumi na moja jioni na kufungua saa kumi na moja alfajiri, na kwa utaratibu wa vitabu, chakula cha leo hutolewa leo. Maharagwe yanatoka kwenye gunia moja kwa moja hadi kwenye moto, makavu kama kokoto. Nimelisema jambo hili mkutanoni mara mbili. Mara ya pili nikaambiwa ni suala la ukaguzi wa hesabu. Mimi sijui ukaguzi, lakini naona hakuna mkaguzi atakayeumia chakula cha Jumanne kikitolewa Jumatatu saa tisa na kutiwa sahihi.

Nasikia kamati ya mazingira ya chuo inazungumzia zaidi paneli za jua. Sizipingi. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na anayelipa bili ya stima ataona tofauti. Ila tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya stima ya Kenya tayari inatokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya maji na upepo wa Turkana. Taa ya maktaba si chafu kama dohani yangu. Ukiniuliza shilingi ya kwanza iende wapi, nitakuonyesha dohani. Wengine wanataka bayogesi ya makombo na kinyesi cha ng'ombe wa shamba la chuo. Nayo ni nzuri, itachemsha chai na uji, lakini asikudanganye mtu kwamba mtambo mmoja utaivisha githeri ya maelfu ya vijana. Kuni bado zitakuwepo, kwa hivyo ziwe kavu.

Makombo nayo yana hadithi yake. Kila jioni tunajaza mapipa matatu ya ugali uliobaki kwenye sahani. Mfugaji mmoja wa nguruwe huja na pikipiki kuyachukua, na nguruwe wake wamenona kuliko makomredi, yaani wanafunzi wetu. Tatizo ni kipimo kimoja. Binti mwembamba na kijana wa timu ya raga wanapakuliwa bonge lile lile kwa bei ile ile. Tuwekeni nusu sahani kwa nusu bei, na anayetaka nyongeza arudi. Msimamizi wa kantini aliogopa mapato yatashuka. Lakini unga ule unanunuliwa, unasongwa kwa kuni zile mbichi, unatupwa, halafu tunasema tunaogopa hasara!

Kuhusu plastiki sitasema mengi. Tangu mifuko ya kubebea ipigwe marufuku Agosti 2017, mitaro ya nyuma ya jiko imepumua. Chupa za maji ndizo zimebaki, na msimu wa chupa nyingi kuliko yote ni mahafali, siku ambayo wageni wa heshima wanahutubia kuhusu mazingira.

Sasa maji ya mvua. Paa la jiko na ukumbi wa kulia lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 15. Mwanafunzi mmoja wa hisabati, aliyekuwa akisubiri chapati, alinipigia hesabu kwa kalamu yangu nyuma ya mfuko wa unga. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Tukasema sisi tuchukue 1,800 tusije tukajisifu. Mita 300 za mraba mara 1,800 ni lita 540,000, na hata robo ikimwagika, zinabaki zaidi ya lita laki nne. Mwezi wa Mei maji hayo yote hupita mbele ya mlango wangu yakachimba korongo, na ndani bomba limekauka, tunasubiri bowsa, lori la kuleta maji. Tanki tulilo nalo ni moja, la lita 5,000, na mfereji wake wa paa uling'oka kabla ya korona.

Na miti? Miaka michache iliyopita alikuja mgeni mkubwa akapanda mche mbele ya utawala. Ilikuwa Januari, jua la kupasua mawe, na bomba kama kawaida halina kitu. Mche ulikufa kabla ya Machi. Bango lenye jina la mgeni bado lipo, limepakwa rangi upya mara mbili. Miti ipandwe mvua ikianza, na kila mti upewe mtu wa kuunyweshea kiangazi cha kwanza, hata kama ni kwa maji niliyooshea mboga. Natupa madumu kumi ya maji hayo kila siku na hakuna aliyewahi kuyaomba.

Mhariri, zabuni ya kuni inatangazwa upya kabla ya Julai. Kama kuna mwanakamati anayesoma gazeti lako, aje jikoni na mizani. Tutapima gogo moja lililotoka kwenye lori, tuliweke juu ya ukuta wa jiko wiki sita, kisha tulipime tena mbele ya mtu wa ununuzi. Aje saa kumi alfajiri, kabla sijakoroga uji. Ikishafika saa kumi na mbili huwa sina nafasi ya kuongea na mtu.

Mpishi wa chuo,
Vihiga