Nyota mmoja, Jumamosi moja: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa ZBC, Shirika la Utangazaji Zanzibar

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Tarehe 7 Julai 2021 alifariki Dilip Kumar, nyota wa sinema za Kihindi. Mama yangu aliipata habari asubuhi kutoka kwa jirani. Jioni ile alioga mapema, akavaa kanga za kutokea, akakaa mbele ya televisheni kabla ya magharibi kama mtu anayesubiri wageni. Alikuwa na yakini kwamba mtu aliyemliza na kumfurahisha kwa miaka 60 hawezi kuzikwa bila ya kuoneshwa hata picha yake moja. Tukahama kituo hiki, tukaenda kile. Kimoja kikatupa kipande cha wimbo kisichofika dakika, kikakatwa katikati ya ubeti, likaingia tangazo la sabuni.

Mama hakusema kitu. Akamwambia mwanangu azime televisheni, akawakusanya wajukuu, akaanza kuwahadithia picha yake ya Mughal-e-Azam toka mwanzo: Salim, ndiye Dilip Kumar, anapelekwa vitani angali mtoto, anarudi mwanamume, anampenda Anarkali mcheza ngoma wa kasri, na baba yake, Mfalme Akbar, hataki kusikia. Kila alipofika kwenye wimbo aliuimba. Kihindi hakijui, lakini maneno yote anayo kichwani, hakukosea hata moja. Alimaliza saa 4 na nusu za usiku, na watoto walikuwa wote macho.

Ombi langu ni hili. ZBC itenge Jumamosi moja ya kila mwezi impe nyota mmoja wa picha za zamani. Si kipande cha wimbo, wala si nusu saa ya kumtaja. Jumamosi yote, tangu baada ya alasiri mpaka usiku: picha ya ujana wake, kisha ile iliyompa jina, na baina yao akae studio mzee wa kwetu aliyeiona kwenye jumba la sinema la Majestic pale Vuga, au Empire, au Cine Afrique, atuhadithie siku ile ilivyokuwa. Marekani kuna televisheni ya picha za zamani, Turner Classic Movies, ambayo kila Agosti hutoa siku nzima, saa 24, kwa nyota mmoja. Siku 31, nyota 31. Wapenzi wa sinema wa huko huanza kupanga majina wanayoyataka miezi mingi kabla. Sisi tunaomba siku 11 tu kwa mwaka, maana Ramadhani tutaiacha.

Nimezunguka kuuliza watu majina. Nimeuliza wakubwa wa mama yangu, wanaume wa barazani kwetu, wauza samaki, na walimu wenzangu. Jina lililotajwa na wengi kuliko yote ni la mwigizaji wa Kihindi, Nargis, na hapo naomba uniruhusu nikae kidogo.

Ukimtazama Nargis katika picha moja tu hujamwona. Mwaka 1949, katika Andaz, ni msichana wa kisasa, tajiri, anayepanda farasi, yuko baina ya Raj Kapoor na Dilip Kumar; na hiyo ndiyo picha pekee waliyocheza pamoja mabwana hao wawili. Mwaka 1951, katika Awaara, ni mwanasheria anayesimama mahakamani kumtetea mpenzi wake mbele ya mlezi wake mwenyewe. Halafu inakuja Mother India ya 1957. Humo yeye ni Radha: anaanza bibi harusi, anamalizia bibi kizee mwenye mvi, na mwishowe anampiga risasi Birju, mwanawe mwenyewe aliyemlea kwa jasho na damu, kwa sababu amemteka msichana wa kijiji siku ya harusi yake. Birju huyo ni Sunil Dutt. Nargis alizaliwa 1 Juni 1929 na Sunil Dutt 6 Juni 1929. Mama na mtoto wamepishana siku tano! Walipokuwa wanaicheza picha hiyo moto uliwaka na kumzingira Nargis, Sunil Dutt akaingia akamtoa; mwaka uliofuata, 1958, wakaoana.

Sasa fikiria, Mheshimiwa, mtu anaziona Andaz na Mother India kwa Jumamosi moja. Yule msichana wa farasi wa alasiri, baada ya isha anavuta jembe shambani kwa mabega yake. Hapo ndipo mtazamaji anapojua kwa nini kina mama wa Unguja walitoka sinema macho yamevimba. Mama yangu anasema ulizuka ubishi wa wiki nzima mtaani, ikiwa Radha alifanya sawa kumuua mwanawe au angemsamehe. Shoga yake mmoja alinuna kwa ubishi huo. Waliutoa wapi uchungu wote huo kwa lugha wasiyoijua? Mimi nasema ni kwa sababu sura ile ilikuwa inazungumza, na kwa sababu kuona aibu, kulinda jina, kumtii mzazi huku moyo unawaka, hayo ni mambo yaliyokuwa ndani ya nyumba zao.

Raj Kapoor apewe Desemba, mwezi aliozaliwa, tarehe 14, mwaka 1924. Ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe, India iliwarudishia watu picha zake kumi kwenye majumba ya sinema. Kwetu ianze Awaara, na mtu wa studio atuoneshe jambo ambalo wengi wanaitazama picha hiyo bila ya kulitambua: jaji aliyemfukuza mkewe ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj, yule mtoto anayecheza utoto wa Raj ni Shashi, mdogo wake, na mzee anayekaa kiti cha hakimu ni babu yao, Basheshwarnath. Vizazi vitatu vya ukoo mmoja katika picha inayouliza kama mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Na sauti inayoimba si ya Raj, ni ya Mukesh. Ndiyo maana kila Jumamosi ya nyota wa Kihindi itakuwa pia Jumamosi ya Mukesh, ya Mohammed Rafi, au ya Lata Mangeshkar, na wapigaji wetu wa taarabu waalikwe. Wao ndio wanaojua nyimbo ngapi za taarabu zimevaa maneno ya Kiswahili juu ya sauti za picha za Kihindi.

Waigizaji Madhubala na Meena Kumari wamezaliwa mwaka mmoja, 1933, na wote wawili hawakufika miaka 40. Madhubala alicheza Anarkali huku moyo wake una tundu, na madaktari walishajua. Sehemu kubwa ya Mughal-e-Azam ni nyeusi na nyeupe, lakini anapocheza ndani ya ukumbi wa vioo mbele ya Akbar picha inageuka rangi, na yeye anaonekana katika kila kioo cha dari. Tafadhali msituletee ile iliyotiwa rangi yote mwaka 2004. Ukitia rangi tangu mwanzo unakuwa umekiua kile kishindo. Meena Kumari naye, Pakeezah ilimchukua zaidi ya miaka kumi mpaka kumalizika. Ikatoka Februari 1972, yeye akafariki 31 Machi ya mwaka huohuo. Watu walikwenda kuitazama huku wanamlilia.

Wapo wanaosema heshima za namna hii ni za marehemu. Mimi sikubali. Waheeda Rehman wa Pyaasa na Guide alitunukiwa Tuzo ya Dadasaheb Phalke, tuzo kubwa kabisa ya sinema ya India, mwaka 2023, akiwa na miaka 85, akaenda kuipokea kwa mikono yake. Mtu huimbiwa akiwa anasikia. Naomba Jumamosi zifuate tarehe za kuzaliwa, zisifuate tarehe za misiba, ili tusije tukarudia ule usiku wa Julai 2021 wa kukimbizana na vituo.

Barazani walishikilia jambo moja ambalo kwanza sikulielewa: wanataka Jumamosi ya adui. Si stelingi, adui! Wanamtaka Pran. Nimelifikiri, nimeona wana haki. Kwa miaka mingi ukiona Pran ameingia, anavuta sigara yake taratibu, unajua nyumba ya watu inakwenda kuvunjika. Ukumbi mzima ulikuwa unampigia kelele. Kisha mwaka 1973, katika Zanjeer, akawa Sher Khan, Mpathani mwenye ndevu nyekundu na uaminifu wa chuma, na watu haohao wakampenda. Bila ya adui wa kweli stelingi hana kazi. Apewe siku yake.

Misri isisahauliwe. Wazee wetu waliojifunza kupiga ganuni na fidla kwa kuwasikiliza Wamisri wanawakumbuka kwa sura pia. Mwimbaji Umm Kulthum alicheza picha sita tu, ya kwanza Widad, 1936, na ya mwisho Fatma, 1947. Abdel Halim Hafez na Farid al-Atrash wana zao nyingi. Na Omar Sharif, ambaye vijana wakimjua wanamjua kwa Lawrence of Arabia, aanzie pale alipoanzia, Siraa Fil-Wadi ya 1954, pamoja na Faten Hamama, ambaye baadaye alimuoa.

Vijana niliowauliza walinitajia Kanumba kabla sijamaliza swali, na mwenzao mmoja King Majuto wa Tanga. Wamo kwenye orodha. Steven Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na Amri Athumani, Majuto wetu, Agosti 2018. Wote wawili wameacha picha za kutosha kujaza Jumamosi na zaidi. Mimi nimeongeza mmoja ambaye hakuna aliyemtaja: Rashidi Kawawa. Kabla hajawa Waziri Mkuu wa Tanganyika alikuwa stelingi, katika Muhogo Mchungu, miaka ya mwanzo ya 1950. Ikiwa nakala inapatikana popote, ioneshwe, na wajukuu zetu wamwone Simba wa Vita akiwa kijana wa sinema.

Najua utaniuliza fedha na haki. Sheria ya India inailinda picha kwa miaka 60, ikihesabiwa tangu mwaka unaofuata ule iliotoka. Kwa hesabu hiyo Awaara, Mother India na Mughal-e-Azam zimeshamaliza muda wake huko. Hapa petu wanasheria wenu wataangalia sheria yetu inasemaje. Hazina ya taifa ya filamu ya India iko Pune, imekuwepo tangu 1964, na hapa Unguja tuna Konseli Kuu ya India. Barua moja kwa Konseli inaweza kufungua mlango ambao sisi watazamaji hatuwezi kuufungua.

Lugha ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Maandishi chini ya picha hayatamsaidia mama yangu. Macho yake yana mtoto wa jicho, na hata yalipokuwa mazima hakuwahi kusoma haraka hivyo. Wenzake wako vivyo hivyo. Tafadhali pawe na mtu wa kusema. Dar es Salaam, kwenye mabanda ya video, Lufufu alikuwa anaisema picha nzima kwa Kiswahili, na watu walimfuata yeye kuliko picha. Kwetu wapo wenye kipaji hicho, na Kiswahili cha Unguja kinaweza kubeba shairi la Kihindi bila ya kulimwaga. Atakayechaguliwa ajue tu kunyamaza wimbo unapoanza.

Picha hizi ni ndefu, nyingi zinakaribia au kupita saa tatu. Zilitengenezwa na intavali katikati. Magharibi iwe ndiyo intavali yetu: picha isimame, watu wasali, wanywe chai, irudi. Ya pili ianze baada ya isha. Zamani kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mama anasema walikwenda kundi, wamevaa mabuibui, na vikapu vya bajia. Leo wengi wao hawatoki tena. Sinema ndiyo itabidi iwafuate ndani, na mwenye uwezo wa kuwapelekea ni wewe. Zanzibar iliona televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara walisubiri mpaka 1994 kupata kituo chao cha kwanza. Shughuli hii inatustahiki kuianza sisi.

Naomba tuanze na Nargis, Jumamosi ya kwanza ya Juni. Nikipata jibu lako, hata la kusema kwamba linafikiriwa, nitampelekea mama alisikie kwa sauti yangu. Nilipomsomea barua hii jana usiku alinyamaza mpaka mwisho, kisha akanambia nimesahau jambo, na niliandike kama alivyolisema yeye: "Mwambie nyimbo wasizikate. Hata moja."

Wako mtiifu,

Mwalimu na mtazamaji wenu,
Ng'ambo, Unguja