Barua kwa mwanangu: baiskeli ya kupanda na kushuka Usambara

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na picha za zile baiskeli mbili zimefika. Kabla hujatoa hela yako nisikilize kwanza.

Ile ambayo shokapu zake huruhusu gurudumu kupanda na kushuka milimita 170 iache. Inapendeza machoni, lakini imeundwa kwa watu wanaopandishwa kileleni kwa gari halafu washuke. Wewe utawaongoza wageni kwa kukanyaga pedeli mwenyewe, kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita zipatazo 33 na karibu mita 1,000 za kwenda juu, na hapo hata vijia vya msitu wa Magamba hujavigusa. Ukipanda kwa saa tatu utashuka kwa saa moja, na baiskeli ichaguliwe kwa hesabu hiyo. Milimita 130 nyuma na 140 mbele zinakutosha kabisa kwenye mawe na mizizi ya huko. Zaidi ya hapo unabeba uzito na kupoteza nguvu kila unapokanyaga.

Wauzaji hutaja milimita za shokapu kwanza. Wewe anza kuuliza pembe ya nguzo ya siti, yaani jinsi bomba linaloshika siti lilivyosimama au kulala nyuma. Iko kwenye jedwali la vipimo la mtengenezaji, na kwako isipungue nyuzi 76. Fremu nyingi za zamani zina 73. Nyuzi nne kati ya 73 na 77 zinaonekana ndogo, ila kwa siti iliyo sentimita 72 juu ya ekseli ya pedeli zinakusogeza mbele karibu sentimita 5. Unapopanda, shokapu ya nyuma inazama na uzito wote unahamia nyuma. Kama siti nayo imelala nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linayumba, na kwenye kona kali ya mlima linanyanyuka kabisa. Mtu hulaumu miguu yake wakati kosa ni la fremu. Pembe ya foki, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, ikiwa 65 au 66 inatosha kukupa utulivu unaposhuka. Chini ya 64 usukani unakuwa mzito na mvivu kwenye mwendo wa polepole.

Kwa urefu wako wa sentimita 168 chukua saizi M, lakini upande uijaribu. Siti ikiwa juu kabisa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande mmoja. Nguzo ya siti iwe ya kushuka kwa kitufe, milimita 150. Hiki kifaa usikubali kukikosa, kwa sababu siti iliyo juu kwenye mteremko ndiyo inayomrusha mtu juu ya usukani.

Sasa gia. Ile baiskeli ya pili ni nzuri, ila nimehesabu meno yake: 34 mbele, na sproketi kubwa ya nyuma 42. Kwa gurudumu la inchi 29, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza karibu mita 1.9. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, lazima uende kilomita 6.7 kwa saa, na kwenye mwinuko mkali hutaweza kuushikilia mwendo huo. Utapunguza mzunguko, utasimama juu ya pedeli, na ukisimama tu tairi la nyuma linateleza kwenye ule udongo mwekundu. Kwa meno 30 mbele na 51 nyuma unasogea mita 1.35, yaani kilomita 4.9 kwa saa, ukiwa umekaa na pumzi unayo. Sproketi ya mbele ya meno 30 hubadilishwa kwa urahisi. Kaseti ya 51, yaani lile fungu la sproketi za nyuma, ni shughuli zaidi, maana mkono wa gia wa zamani, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni, hauwezi kuifikia, hivyo vinunuliwe pamoja. Mwambie muuzaji apunguze bei kwa kiasi hicho.

Breki ziwe za mafuta na za diski, mbele milimita 200 au 203, nyuma 180. Uliza zinatumia mafuta gani. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Nyingi za SRAM zinatumia DOT, yale yale ya gari, ambayo utayapata duka lolote la spea. Usichanganye hata tone moja: mafuta yasiyo yake huvimbisha sili za ndani, ile mipira inayozuia mafuta kuvuja, na breki inakufa. Na DOT 5 ni kitu kingine kabisa, usidanganywe na namba. DOT hunyonya unyevu hewani, na yakipata moto kwenye mteremko mrefu maji yale huchemka na mkono wa breki unakwenda mpaka kwenye usukani bila kushika kitu. Badilisha kila mwaka. Kutoka Soni kwenda chini Mombo usibane kidogo kidogo muda wote. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, upepo upoze diski. Pedi ziwe za chuma, kwa sababu zile laini huisha haraka kwenye tope la masika. Zikiwa mpya, chagua barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 20 hadi mwendo wa mtu anayetembea, mara 20, bila kufunga gurudumu.

Matairi yawe ya upana wa inchi 2.4, na kati ya tairi na fremu kidole chako kidogo kipite, la sivyo udongo utajaa na gurudumu litagoma. Yafunge bila tyubu, kwa dawa ya kuziba pancha mililita 120 kila moja. Kwa joto la Mombo hukauka, kwa hiyo kila baada ya miezi miwili angalia ndani na ongeza. Anza na psi 21 mbele na 24 nyuma (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo). Ukilazimika kutia tyubu, ongeza 4, kwa sababu jiwe likigonga rimu tyubu hukatika matundu mawili pembeni kama alama ya meno ya nyoka.

Shokapu haipimwi kwa kubonyeza kwa mkono dukani. Wewe na mkoba wako mna kilo 68, ambazo ni ratili 150, basi anza na psi 150 nyuma, kwa pampu maalumu ya shokapu, kwani ya tairi haiwezi. Sukuma pete ya mpira iliyo kwenye bomba la shokapu mpaka chini, panda na mzigo wako wote, kaa tuli, shuka polepole. Kama shokapu yenyewe, si gurudumu, ina mwendo wa milimita 50, pete iwe imesogea 14 au 15. Ikizidi, ongeza psi 5, upime tena. Foki ya 140 izame kati ya 21 na 28.

Kwa kuwa ni ya mtumba, kagua hivi. Shika tairi la nyuma juu, litikise kushoto na kulia: ukisikia kugonga, beringi za maungio au za habu zimekwisha. Funga breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye beringi za shingo, uhisi kama zinacheza. Pitisha ukucha kwenye bomba zinazong'aa za foki. Ukucha ukikwama, mkwaruzo huo utakula sili na mafuta yatavuja. Pima cheni kwa rula: pingili 24, kutoka pini hadi pini, ni milimita 304.8. Zikifika 306 na zaidi, cheni imekwisha, na huenda imekula kaseti.

Usitume hela leo. Nitumie kwanza picha tatu za karibu, ukishafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji: maungio ya bomba la shingo upande wa chini, eneo la beringi za pedeli, na lile sikio la alumini linaloshikilia mkono wa gia. Rangi iliyopasuka kama uzi ndiyo ninayoitafuta. Na uliza kama sikio la akiba la aina hiyo linapatikana, kwa sababu nataka ununue mawili.

Ni mimi mama yako.