Gari linalogoma likiwa la moto lipimwe likiwa la moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie kero ambayo wenye magari wengi wa hapa Dar es Salaam wanaifahamu, hasa katika miezi ya joto kali: gari linawaka vizuri asubuhi, linafika mjini bila tatizo, kisha likizimwa kwa muda mfupi mbele ya duka au kituo cha mafuta linagoma kuwaka mpaka lipoe. Kinachonisukuma kuandika si ugonjwa wenyewe, kwa kuwa una tiba, bali namna unavyotibiwa. Gari hulazwa gereji, fundi huligusa kesho yake asubuhi likiwa la baridi, nalo huwaka mara moja. Kwa kuwa hakuna kinachoonekana, huagizwa betri. Isiposaidia hufuata plagi, kisha pampu ya mafuta, na kila safari ya kwenda Gerezani, mtaa wa maduka ya spea, hulipiwa na mteja.

Injini inapozimwa, maji huacha kuzunguka na upepo wa mwendo hukatika, lakini joto lililomo ndani ya chuma bado linatafuta pa kutokea. Kwa hiyo vifaa vilivyoizunguka injini hupata moto zaidi dakika kumi hadi ishirini baada ya kuzima kuliko wakati gari linatembea. Huo ndio muda wa kupima, na anayepima nje ya muda huo anabahatisha.

Jambo la kwanza ni kusikiliza. Je, stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, inazunguka kwa uzito, au inazunguka kwa kasi yake ya kawaida ila injini haishiki? Hayo ni magonjwa mawili, na fundi anayeyachanganya atafunga spea za ugonjwa ambao gari halina.

Stata ikiwa nzito, mara nyingi shida ni ya umeme, na multimita (kipimo cha umeme) ya bei nafuu inatosha kuitafuta. Betri nzima haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 stata inapozunguka. Ikiwa betri imesimama vizuri, ncha moja ya kipimo iwekwe kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye boliti ya stata, kisha mtu apige stata. Ikisomeka zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Vivyo hivyo upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kati ya kichwa hasi na chuma cha injini. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo waya na koili zilizokuwa zikijikongoja kwenye nyuzi 30 zinakuwa na ukinzani uliozidi kwa zaidi ya robo zinapofika nyuzi 100. Mara nyingi, kabla ya kuihukumu stata, ukifungua kiungo cha ethi utakuta kutu ya kijani ambayo brashi ya waya na spana vinaimaliza.

Stata ikizunguka vizuri lakini injini haishiki, mimi huanza na sensa ya krenki, kifaa kinachoiarifu kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Koili au saketi iliyomo ndani yake, ikiwa na ufa mdogo, hukatika inapopata joto na kurudi inapopoa. Kompyuta ya gari haijui tena kwamba injini inazunguka, kwa hiyo haitoi cheche wala mafuta. Unganisha mashine ya kusoma hitilafu, piga stata, utazame mzunguko wa injini: ukisomeka sifuri wakati masikio yako yanasikia injini ikizunguka, umepata pa kushika. Kamulia sensa hiyo maji kwa kitambaa. Gari likiwaka, hakuna haja ya kubishana tena, ingawa waya na soketi yake vikaguliwe kabla ya kununua mpya. Kutowaka kwa taa ya injini kwenye dashibodi si ushahidi kwamba sensa ni nzima.

Anayefuata ni sensa ya joto la maji. Katika magari mengi ya Kijapani husoma ukinzani wa omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Ikikwama kwenye usomaji wa baridi, kompyuta humwaga petroli nyingi kwenye injini iliyokwisha kupata moto. Harufu ya petroli kwenye bomba la moshi huashiria hilo, na magari mengi huwaka ukikanyaga mafuta hadi chini unapopiga stata, kwa kuwa kompyuta hukata petroli; hata hivyo nozeli (kinyunyizio cha petroli) inayovuja hutoa dalili zilezile. Kama kinachosaidia ni kufungua na kufunga swichi mara mbili tatu kabla ya kupiga stata, basi pima presha ya mafuta, maana huenda haikai kwenye bomba gari likizimwa.

Lawama hizi si za mafundi peke yao. Mteja hulipia spea bila kinyongo, lakini akidaiwa saa moja ya kupima husema, “Hujafunga kitu, nilipe nini?” Fundi anayesikia hivyo kila siku atajifunza kufunga kitu. Wenye magari wafike gereji na injini yenye moto, wasubiri hapohapo, na wakubali kulipia kipimo. Nao wenye gereji, kwenye karatasi ya malipo, kabla ya jina la spea, waandike volti, omu na presha walizozikuta na kama gari lilikuwa la moto au la baridi, ili ugonjwa ukirudi fundi mwingine aanzie pale mwenzake alipoishia.

Fundi umeme wa magari,
Temeke, Dar es Salaam