Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mashua ya Chuma ya Mita 11

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mweka hazina. Mimi nitaeleza kazi: mashua yetu ya matanga ya safari ndefu, inayojengwa Tanga kwa seti ya vipande vya chuma vilivyokatwa tayari, imefika wapi, nini kilitusumbua, na nini kinahitaji uamuzi wenu. Nitaingia ndani kidogo kwa sababu baadhi yenu mnajiandaa kuagiza seti zenu wenyewe, na makosa mengi hufanyika kabla chuma hakijapakiwa melini.

Kwa ufupi, ganda limefunikwa lote. Liko kifudifudi juu ya kitanda chake (fremu ya kujengea), mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, ukitazama juu, na mishono yote ya nje imechomelewa. Kilichobaki ni kuligeuza, kuchomelea mishono kwa ndani, kufunga sitaha, kutia farumi (uzito wa kutuliza mashua) na kupaka rangi. Ganda na sitaha kwa pamoja hazizidi theluthi ya kazi ya mashua nzima. Nalitaja hili mapema, maana anayeona ganda limesimama huanza kuulizia tanga.

Kuhusu swali la mkutano uliopita, kwa nini chuma na si mbao au faiba: sababu ni mwamba na ufuo. Mashua ya Kifaransa Joshua, iliyochorwa na Jean Knocker na kujengwa kwa chuma Chauffailles mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitupwa ufukweni Cabo San Lucas, Mexico, na dhoruba ya Desemba 1982 pamoja na vyombo vingine vingi. Ilibonyea, ikatolewa, ikatengenezwa, na leo iko katika jumba la makumbusho la bahari la La Rochelle. Chuma hubonyea kabla ya kupasuka. Gharama yake ni kutu, nayo nitaifikia.

Seti yenyewe

Vipande hukatwa kwa mashine ya plazma inayoongozwa na kompyuta: mataruma (mbavu), viambaza (kuta za ndani), mkuku, usukani, pleti za ubavuni na za sitaha, hata matundu ya kupitishia maji. Pleti zetu ni milimita 5 chini, 4 ubavuni, 3 kwenye sitaha. Mataruma ni ya flatibaa (ubapa wa chuma) ya milimita 60 kwa 6, yamepangwa takriban kila sentimita 90, na fito za urefu ni za milimita 40 kwa 6, kila sentimita 30. Mita moja ya mraba ya pleti ya milimita 4 ina uzito wa kilo 31.4, kwa hiyo pleti ya mita 6 kwa 1.5 ni kilo 283. Bila winchi au kreni ndogo haiinuki, na watu sita wakiibeba kwa mikono huishia kuikunja.

Anayeagiza aulize kwanza vipande vimepangwa kwenye pleti za urefu gani. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani usiofika mita 5.9, pleti ya mita 6 hailali humo. Ama muuzaji apange vipande kwenye pleti fupi, ambapo mishono inaongezeka, ama ulipie kontena la futi 40. Jambo hili likijulikana baada ya kukata, hakuna njia nzuri ya kutoka.

Seti ikifika, fungueni siku hiyo hiyo. Unyevu wa chumvi ukiingia kati ya pleti mbili zilizolaliana hufanya kutu haraka kuliko kwenye pleti iliyoachwa wazi. Tandazeni kila kipande chini, mkilinganishe na mchoro wa pleti kilikotoka, kisha mpige namba upya kwa panchi. Namba za kalamu hufutika kwa mvua moja, na vipande vya kushoto na kulia hufanana sana kabla havijakunjwa. Alama inayoonyesha upande wa omo (mbele) ipigwe pia. Taruma likigeuzwa nyuma mbele hukaa vizuri kwenye kitanda, kosa likaja kuonekana pale fito zinapokataa kupita kwenye matundu yake.

Tena, kingo zilizokatwa kwa plazma ya hewa zina naitrojeni, nayo hutoa vitundu ndani ya mchomeleo. Zisagwe kwa grenda karibu milimita moja hadi chuma king'ae. Praima (rangi ya mwanzo) ya zinki ya kiwandani nayo iondolewe sentimita 2 au 3 kila upande wa mshono. Ikiungua huharibu mshono, na moshi wake humpa fundi homa na baridi usiku. Kila kipande, pande zote. Ni siku nyingi za kusaga, na katika kalenda ya mwanzo hatukuzitenga za kutosha.

Kitanda, vipimo na jua

Seti nyingi huja na kitanda kilichokatwa pamoja na mashua. Kisimamishwe juu ya sakafu ya zege iliyopimwa kwa bomba la maji, si kwa pimamaji fupi. Waya mwembamba uvutwe katikati toka omo hadi tezi (nyuma), na kila taruma lipimwe kutoka kwenye waya huo hadi kona zake mbili. Tumekubali tofauti isiyozidi milimita 3 kati ya kushoto na kulia.

Hapa pwani jua huharibu vipimo. Chuma hurefuka takriban milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila digrii moja ya joto. Ganda la mita 11 likipanda digrii 25 hurefuka zaidi ya milimita 3, na asubuhi upande wa mashariki hupata joto kabla ya ule wa magharibi, kwa hiyo ganda hupinda bila mtu kuligusa. Vipimo vilivyochukuliwa saa nne asubuhi havikulingana na vya jana yake jioni, na mafundi walirekebisha mataruma ambayo hayakuwa na kosa. Tangu hapo tunapima alfajiri tu, na kwa kona za ubavu tunatumia ubapa mrefu wa mbao, namna wanavyofanya mafundi wa majahazi. Jicho la fundi wa jahazi huona tumbo la milimita 2 ambalo futi haikulionyesha, na nawashukuru waliokuja kutupa jicho hilo.

Kuchomelea

Ganda hupotea zaidi hapa kuliko popote. Kila mshono ukipoa husinyaa, huvuta pleti, na pleti nyembamba isiyo na pa kwenda hujikunja. Seti hukupa vipande vinavyolingana. Haikupi mpangilio wa kuchomelea.

Mpangilio tuliofuata ni huu. Kwanza kila kitu kinashikizwa tu: vishikizo vya milimita 20 hadi 25 kila sentimita 15, mashua nzima, kabla ya mshono wowote kukamilishwa. Pleti haichomelewi kwenye mataruma katika hatua hii. Inalala juu ya fito tu. Mshono wa pleti kwa pleti una nafasi ya milimita 1.5 hadi 2, na vipande vinene vya chuma vinapigwa kukatiza mshono, kwa kabari, ili kingo zikae sawa. Kisha unachomelea vipande vifupi vya sentimita 7 au 8, kila kimoja kikielekea nyuma, huku kazi yenyewe ikisonga mbele. Kutoka katikati ya mashua kwenda omo na tezi, kushoto kidogo, kulia kidogo. Mkono ukigusa pleti ukaondoka kwa joto, hamia kwingine.

Fito na mataruma huchomelewa kwa kurukaruka: sentimita 5 zinachomelewa, 10 hadi 15 zinaachwa. Mwanachama akipita akaona mapengo husema kazi haijaisha. Imeisha. Anayechomelea taruma mfululizo hupata mbavu zinazoonekana nje, mashua ikawa kama ng'ombe wa kiangazi, na hakuna puti itakayoficha hilo kwa muda mrefu. Sehemu mbili za ubavu wa kulia zina mabonde ya namna hiyo, kina cha milimita 6, kwa sababu zamu moja ilimaliza mshono wote kwa mchana mmoja. Tutazikata, tuache zilegee, na kuzichomelea upya kwa mpangilio.

Mashine ya waya na gesi ni nzuri ndani ya banda. Nje, upepo wa kusi hupeperusha gesi na mshono hujaa vitundu kama andazi. Tulirudi kwenye rodi. Kwa pleti ya milimita 4 ni rodi ya E6013 ya milimita 2.5, ampea 60 hadi 90; kwa mkuku E7018 ya milimita 3.2. Hizi za pili zisitumike zikiwa zimelala wazi usiku kucha. Hunyonya unyevu, na hidrojeni yake hupasua mshono mnene baada ya kupoa. Zikaushwe kwenye oveni nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili. Umeme ukishuka, mashine iliyowekwa ampea 80 haitoi 80, na mshono hukaa juu ya chuma bila kuingia. Kila asubuhi fundi anachomelea vipande viwili vya mabaki kwa pembe mraba na kuvivunja kwa nyundo. Vikiachana kirahisi, kazi haianzi.

Baada ya kugeuza ganda, mishono itasagwa kwa ndani hadi chuma safi, kisha ichomelewe. Uvujaji tutaupima kwa chokaa upande mmoja na mafuta ya taa upande wa pili. Kitundu kisichoonekana kwa macho huacha doa kwenye chokaa. Mafuta hayo yaoshwe kabisa kwa tina kabla ya kupuliza chuma kwa chembe kali, la sivyo kompresa itayapigilia ndani ya chuma.

Rangi ya ndani

Mashua ya chuma huozea ndani. Nje inaonekana na kukwaruzwa kila mwaka. Ngama (chini kabisa ndani ya mashua) na nyuma ya makabati hakuna anayefika. Kwa hiyo napendekeza bajeti ya rangi ianzie ndani, hata kama nje itasubiri.

Chuma kipulizwe kwa chembe kali hadi kiwe karibu cheupe, kiwango cha usafi kinachoitwa Sa 2½, na praima ya epoksi ipakwe ndani ya saa nne. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa: una chumvi, na vumbi lake huua mapafu. Itumike garneti, chembe ngumu za madini. Unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85, na chuma kiwe na joto lisilopungua digrii 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutokea. Kwa hapa kwetu maana yake ni kuanza saa nne asubuhi na kufunga saa kumi jioni, nje ya masika. Kingo za matundu zilainishwe kwa grenda, kwa kuwa rangi hukimbia kona kali, na kila kingo na mshono vipakwe kwa brashi kabla ya kupuliza rangi. Mapengo kati ya fito na pleti yajazwe silanti (kizibo laini) ya poliyurethani baada ya mkono wa kwanza. Jumla ya unene wa rangi ndani isipungue mikroni 300.

Vifungo vyote, vishikio vya kebo, masikio ya kabati, vichomelewe kabla ya hapo. Povu la kuzuia joto likishapulizwa, hakuna moto tena ndani. Linawaka na moshi wake ni sumu. Pahala panaposuguliwa na kamba na minyororo tuchomelee chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 kwa rodi za 309L. Matundu ya maji ya bahari yawe mabomba mazito ya chuma yaliyochomelewa na kupanda juu ya usawa wa maji, yale ya inchi 2 yenye unene wa milimita 5.5, wala si shaba iliyofungwa kwa bolti kwenye pleti. Waya hasi wa umeme usiguse ganda popote. Mashua ikiwa majini, kipimo cha umeme wa ganda kwa elektrodi ya madini ya fedha kionyeshe kati ya milivolti hasi 800 na hasi 1,050. Kisipofika hasi 800, zinki (vipande vinavyoliwa badala ya ganda) hazitoshi; kikipita hasi 1,050, rangi huanza kuvuliwa.

Maamuzi yanayoombwa

La kwanza, kugeuza ganda kabla ya masika. Lina takriban tani 3, na bila sitaha linaweza kujikunja, kwa hiyo mabomba ya kukaza yatachomelewa kukatiza kutoka ukingo hadi ukingo kabla kreni haijafika. Halmashauri inaomba kreni mbili badala ya moja, ya pili ikishika upande wakati wa kushusha.

La pili ni farumi. Risasi itawekwa katika vipande vya baridi, ipangwe ndani ya mkuku, mianya ijazwe epoksi, kisha pleti ifungwe juu. Wapo wanachama waliopendekeza kuyeyusha na kumimina. Tone moja la maji ndani ya mkuku hugeuka mvuke na kurusha risasi ya moto usoni. Sitakubali kazi hiyo ifanyike katika uwanja wetu. Mwenye risasi ya kuuza au ya kuchangia apeleke orodha ya uzito kwa katibu, ili upangaji uanze kutoka katikati ya mkuku na nafasi ya mwisho ibaki wazi hadi mashua ielee na kupimwa usawa wake.