Hesabu ya soko inahitaji meka ya kweli

Bwana Mhariri,

Karatasi za interro (majaribio mafupi) za hesabu hapa Lubumbashi zimejaa mama muuza bunga, yaani unga. Anauza meka 10 (meka ni kopo la kupimia sokoni) kwa franka 3.000 kila moja, atapata ngapi? Hiyo ni kuzidisha kulikovishwa kitenge. Grant Wiggins, Mmarekani aliyelitetea wazo la tathmini halisi tangu mwaka 1989, alitaka zaidi ya hapo: mwanafunzi apewe kazi inayofanana na ya watu wenye kuitumia elimu hiyo, achague njia na atetee jibu lake.

Walimu wa darasa la 8, leteni meka, bunga kilo 5 kwa kila meka, mizani na rula. Swali: mfuko wa kilo 25 umenunuliwa franka 28.000, je, meka iuzwe bei gani? Msiwaambie wanafunzi uzito wa bunga katika meka. Waupime mara tatu, wachukue wastani, na wasisahau kutoa uzito wa meka tupu (wengi husahau).

Ubishi utaanza palepale. Kikundi kimoja kitakata juu kwa rula, kingine kitaacha kilima kama wanavyotaka wanunuzi. Tuseme meka iliyokatwa ina kilo 2,4, yenye kilima 2,7. Kwa franka 3.000, wa kwanza anatoa meka 10, anapata 30.000 na kilo 1 inabaki. Wa pili anatoa 9, anapata 27.000, gramu 700 zinazobaki hazifikishi franka 800. Bei ni moja, lakini wa kwanza amekula faida na wa pili hasara. Naye anayeandika meka 9,26 bila kusema hiyo 0,26 itauzwaje, hajamaliza hesabu.

Kazi hii huharibikia kwenye kusahihisha. Mwalimu anatazama jibu la mwisho tu, anakata pointi. Kati ya pointi 20, tunapendekeza 5 za kupima, 5 za kuchagua njia, 4 za kukokotoa, 6 za kukagua na kueleza. Aliyepima vibaya akakokotoa sawasawa kwa kipimo chake anapoteza zile za kupima tu. Na mgawanyo huu wa pointi uandikwe ubaoni kabla ya kazi kuanza.

Watoto 60? Vikundi 12 vya watano, meka tatu kwa zamu, wengine wakifanya mazoezi ya kawaida. Wapime pamoja, lakini kila mmoja aandike peke yake, la sivyo mmoja atafanya na wanne watanakili. Kisha mmoja wa kila kikundi, kwa kura, aulizwe kwa dakika mbili: mfuko ukipanda hadi 31.000, unabadilisha bei au unakata kilima? Kwa nini?

Katika Mtihani wa Serikali, ule wa mwisho wa sekondari, hesabu ni ya kuchagua jibu, kwa hiyo mazoezi ya haraka yabaki. Ila maprefe (wakuu wa shule) waruhusu kazi moja ya namna hii kila periodi, na pointi zake ziingie kwenye buletini, ile ripoti ya mwanafunzi. Isiyo na pointi, wanafunzi huiachia wale wenye bidii.

Walimu wa hesabu,
Komini ya Kenya, Lubumbashi