Sikio langu ni zima ila taya ndilo linaloniumiza: je, nikubali kusagwa meno?

Kwako Daktari wa safu ya ushauri wa afya,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Korogwe, mkoani Tanga, mwanamke wa miaka 39 na mama wa watoto wawili. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wasomaji wengine bila kudhani kwamba siku moja nami nitakuandikia, lakini huu ni mwezi wa 14 sikio langu la kulia halinipi raha, na waliolichunguza wanasema halina ugonjwa. Naomba univumilie nikieleza kwa urefu, kwa sababu kila nilipofupisha kisa hiki, aliyenisikiliza aliishika nusu yake na kuniandikia dawa ya nusu hiyo.

Mambo yalianza tulipokuwa tukiwaandaa wanafunzi wa darasa la saba kwa mtihani wa taifa, kipindi ambacho walimu tunafundisha asubuhi na jioni, kisha usiku tunasahihisha majaribio. Nilihisi sikio limeziba, kama la mtu aliyepanda basi la Lushoto akafika kwenye zile kona za juu. Tofauti ni kwamba msafiri wa Lushoto akimeza mate sikio lake huzibuka, nami nilimeza mate wiki mbili nzima bila mafanikio. Baadaye yakaja maumivu ya ndani ndani yanayopanda hadi kwenye kipaji, na mwisho ukaja mlio mwembamba kama wa nyenje, ambao mchana kelele za darasa huufunika lakini usiku nyumba ikitulia hubaki mimi na wenyewe.

Katika zahanati niliyoanzia nilipewa matone ya sikio pamoja na antibayotiki za siku saba. Sikupata nafuu, nikarudi, nikapewa matone ya aina nyingine na antibayotiki tena. Mara ya tatu nilisafishwa sikio kwa maji ya bomba la sindano, ikatoka nta kidogo ambayo muuguzi mwenyewe alisema haiwezi kuziba hata sikio la kuku. Mwalimu mwenzangu mmoja akanitania ofisini kwamba sikio la kufa halisikii dawa, tukacheka wote. Jirani yangu yeye aliniambia kwa dhati kwamba sikio likivuma ujue kuna mtu anakuteta. Kama ni hivyo, basi mtetaji wangu hana kazi nyingine ya kufanya.

Hatimaye nilipewa rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Alilitazama sikio kwa kifaa chake chenye taa, akaona ngoma ya sikio haina tundu wala usaha, kisha nikapimwa usikivu katika chumba kisichoingiza sauti, na masikio yote mawili yakaonekana yako sawa. Aliniambia, “Mama, sikio lako ni zuri kuliko langu.” Nilitoka na furaha iliyofika getini tu, kwa sababu kama sikio ni zuri, kinachouma ni nini?

Aliyenionyesha njia si daktari bali mwanangu wa miaka saba. Jioni moja nilikuwa nasahihisha madaftari huku amelaza kichwa begani mwangu, akaniuliza, “Mama, unatafuna nini?” Sikuwa na kitu mdomoni. Nilipojitazama niligundua kwamba nimeyabana meno kwa nguvu, kidevu kimeegemea kiganja, na taya linakwenda upande kidogo kidogo kila ninapotia alama. Nikaliachia, nikafungua mdomo, likatoa sauti “tak!” ambayo mtoto aliisikia waziwazi akacheka akitaka nirudie. Usiku ule niliingiza ncha ya kidole kidogo katika tundu la sikio, nikafungua na kufunga mdomo, nikahisi mfupa ukisogea palepale mbele ya kidole. Nilipoyabana meno kwa makusudi, ule mlio wa nyenje ulipanda, na nilipoyaachia ukashuka.

Nilipomweleza mume wangu alisema bila kusita kwamba mimi husaga meno usiku, na kwamba hakuwahi kuniambia kwa sababu alidhani nina minyoo. Nilimeza dawa ya minyoo mara mbili, kwa kuwa tangu utotoni tumeambiwa kwamba anayesaga meno ana minyoo. Meno yaliendelea kusaga.

Sasa Daktari, hapa ndipo penye shida yenyewe. Nimewaona madaktari wawili wa meno, nao hawakubaliani.

Wa kwanza, katika kliniki ya binafsi, alinifungua mdomo akaona pengo la magego mawili ya chini upande wa kushoto, niliyong'olewa nilipokuwa chuo cha ualimu. Ni kweli kwamba tangu wakati huo natafunia upande wa kulia. Akasema chanzo ni hilo pengo: meno ya nyuma yakikosekana, taya hurudi nyuma na kuligandamiza sikio. Tiba yake ni kuwekewa meno ya bandia ya kudumu, yaani daraja, ambalo litahitaji kusaga meno mawili mazima yanayopakana na pengo ili yalibebe, kisha kusawazisha kwa kusaga meno mengine ya juu ili yakutane vizuri. Alitaka tuanze wiki iliyofuata.

Wa pili ni dada mmoja kijana katika hospitali ya serikali, na kwa muda wa dakika kumi hakugusa jino hata moja. Aliweka vidole vyake mbele ya masikio yangu akaniambia nifungue na kufunga mdomo polepole. Aliniomba niingize vidole vyangu vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele, vikapita viwili tu kwa taabu. Kisha akaibonyeza misuli ya shavu na ya kwenye kipaji, na alipofika mahali fulani karibu na kona ya taya nilipiga kelele, kwa sababu maumivu yaliruka moja kwa moja hadi ndani ya sikio, yaleyale ninayoyajua kwa miezi yote hii. Alinieleza kwamba kiungo cha taya kiko mbele tu ya tundu la sikio. Kwamba ndani yake mna kisahani laini ambacho kikiteleza kutoka mahali pake hutoa ile sauti ya “tak”. Na kwamba neva inayoendesha misuli ya kutafunia ndiyo pia inayoendesha misuli midogo inayovuta ngoma ya sikio na ile inayofungua mrija wa sikio tunapomeza mate. Kwa hiyo misuli ya taya ikichoka, sikio linaweza kulalamika bila lenyewe kuwa na kosa. Kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba siumwi vitu vitatu tofauti.

Ushauri wake ulikuwa wa kawaida mno, kiasi kwamba nilitaka kumuuliza kama amemaliza: midomo ifungwe lakini meno yasigusane isipokuwa wakati wa kula, nisipige miayo kwa mdomo wazi kabisa, niweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu shavuni asubuhi na jioni, niache miwa, mahindi ya kuchoma, bigijii na nyama ngumu kwa wiki kadhaa, na usiku nivae kifaa cha plastiki ngumu kinachotengenezwa kwa kipimo cha meno yangu. Kuhusu daraja alisema nisikubali mtu yeyote anisage meno kwa sasa.

Mpwa wangu anayesoma chuo cha afya amenichanganya zaidi, ingawa kwa nia njema. Alinieleza kwamba maelezo ya daktari wa kwanza yana historia: mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani aitwaye James Costen aliwaandika wagonjwa 11 wenye maumivu, kuziba na mlio wa sikio, akaeleza kwamba kukosa meno ya nyuma ndiko kunakofanya taya ligandamize sehemu za sikio. Wengi walimfuata, lakini wachunguzi wa maumbile ya mwili waliokuja baadaye waliona kwamba taya haligandamizi namna alivyodhani. Kwa hiyo, anasema mpwa wangu, Costen aliuona ugonjwa sawasawa lakini akakosea sababu. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, najua mtoto anaweza kupata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi. Je, yawezekana pia tiba ya daktari wa kwanza ikanifaa hata kama maelezo yake ni ya zamani?

Nimefuata ushauri wa yule dada kwa wiki sita. Maumivu yamepungua, labda kwa nusu, na vidole vitatu sasa vinakaribia kupita. Sikio huzibuka asubuhi na kuziba tena ikifika saa nane mchana, hasa siku zenye vipindi vingi. Mlio haujabadilika. Sitakuficha kwamba nimeteleza mara kadhaa: makande ya shule hayakwepeki wiki nzima, na katika harusi moja hapa mjini nilikula ndafu kwa aibu ya kukataa, taya likagoma kufunguka hadi kesho yake asubuhi. Kile kifaa cha usiku bado sijakipata. Bima yangu hailipii, na bei niliyotajiwa inakaribia nusu ya mshahara wangu wa mwezi.

Maswali yangu basi ni haya, na naomba unijibu bila kunibembeleza. Nikiendelea kukataa daraja kwa mwaka mmoja huku nikitunza misuli tu, je, kiungo kitazidi kuharibika, au hakuna ninachopoteza kwa kusubiri? Pengo hilo nimekaa nalo miaka 17 bila sikio kuuma, na hilo linanifanya nisite, kwa sababu meno mazima yakishasagwa hayarudi. Pili, katika maduka ya vifaa vya michezo vinauzwa vile vikinga meno vya mabondia ambavyo unalainisha katika maji ya moto kisha unauma vikupate umbo. Je, naweza kukitumia usiku hadi nitakapopata fedha za kile cha hospitali, au kitanifanya nitafune usingizini na kuzidisha tatizo? Tatu, kazi yangu ni kuongea kwa sauti mbele ya watoto zaidi ya 70 kuanzia asubuhi. Je, kuna namna ya kulipumzisha taya bila kuomba likizo ya ugonjwa, ambayo mwalimu mkuu hatanielewa nikimwambia ni ya taya?

La mwisho ni dalili. Kwa kuwa sasa nimezoea kusema “ni taya tu”, naogopa siku sikio litakapougua kweli nitalipuuza. Naomba uniandikie ni jambo gani, likitokea, litanitaka nirudi haraka kwa daktari wa masikio bila kungoja kitambaa cha uvuguvugu kifanye kazi.

Wako msomaji,
Mwalimu, Korogwe