Barua ya wazi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Mwanza wanaotaka kusoma muhula nje ya nchi

Wajukuu zangu wa Malimbe, Bugando na vyuo vingine vya mji huu, mwangaluka.

Msimu wa matangazo ya ufadhili ukifika, makundi yenu ya WhatsApp hujaa swali moja: nitatokaje? Mimi nina maswali mawili yanayopaswa kulitangulia. Utarudi na nini kitakachohesabika kwenye shahada yako? Na unakwenda na nini mkononi?

Naanza na la kurudi, maana hapo ndipo watu huumia kimyakimya. Mzigo wa kawaida wa shahada hapa kwetu ni krediti 120 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha mihadhara, kazi za nyumbani na kujisomea. Ulaya mwaka mzima ni krediti 60, lakini kila moja ina saa 25 hadi 30. Kwa hiyo krediti 30 za muhula wa huko, yaani nusu mwaka, zinatosheleza 60 za huku, ambazo nazo ni nusu mwaka. Asiyelijua hili huandika 30 kwa 30, na mtoto wa watu anarudi akiwa na pengo la nusu muhula bila kosa lolote la kwake.

Dawa yake ni mkataba wa masomo, unaosainiwa na wewe, chuo chako na chuo mwenyeji kabla hujaondoka. Kila kozi ya huko iandikwe msimbo wake, krediti zake na kozi ya huku inayofidiwa. Mpelekee mkuu wa idara mihtasari yote miwili, muilinganishe mada kwa mada. Kozi za lazima jaribuni kuzimaliza nyumbani. Za hiari ndizo rahisi kubadilishana. Ukifika huko ukakuta kozi imejaa au ratiba zinagongana (na hilo hutokea sana), omba mabadiliko kwa barua pepe ndani ya majuma ya kwanza na usubiri jibu la maandishi. Kukubaliwa kwa simu si kukubaliwa.

Tazama na kalenda. Ujerumani muhula wa baridi ni Oktoba hadi Machi, na wa kiangazi ni Aprili hadi Septemba. Huu wa pili una mtego: mitihani yake huangukia Julai na Agosti, wakati wenzako wako kwenye mafunzo kwa vitendo. Kama programu yako ina mafunzo hayo mwaka huo, chagua wa baridi.

Na tafadhali, usiahirishe mwaka ili usafiri. Kwenda kwa mpango wa kubadilishana si kuahirisha. Omba barua inayosema umeendelea kusajiliwa, nakala uipeleke dawati la mikopo, kisha uliza mapema utasainije ukiwa mbali. Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halimfuati asiyesaini.

Kuhusu pasipoti sitasema mengi: ada ni shilingi 150,000, na utahitaji kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi. Kinachokwamisha ni majina. Cheti cha kidato cha nne kikisema Masanja Juma na NIDA ikasema Juma Masanja, lirekebishe sasa, si baada ya kupata nafasi. Halafu msichanganye viza: ile ya kawaida ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, mwisho wake ni siku 90, na muhula unazidi hapo. Mnahitaji viza ya muda mrefu ya nchi husika, ambayo huchukua majuma mengi zaidi, na balozi ziko Dar es Salaam. Wekeni nauli ya safari hiyo kwenye bajeti.

Sasa swali la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Barua ya maombi inayosema "napenda kujifunza tamaduni mbalimbali" msomaji ameshaiona mara elfu. Nanyi mnaiandika mkiwa mmekaa kando ya ziwa la kilomita za mraba 68,800 ambalo Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6! Uvuvi wake unaratibiwa na chombo cha pamoja chenye makao Jinja, kilichotokana na mkataba wa 1994. Maji yake yamebishaniwa tangu mkataba wa Naili wa 1929, ambao Nyerere aliukataa mwaka 1962 kwa hoja kwamba nchi huru haifungwi na ahadi za mkoloni. Mkataba mpya ulisainiwa Entebbe mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2024, Misri na Sudan zikiwa nje. Mwanafunzi wa mahusiano ya kimataifa asiyeweza kuyaeleza haya kwa ukurasa mmoja anatafuta nini Brussels?

Shukeni Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki. Dagaa wale wanakwenda Kongo. Mabondo ya sangara, vile vifuko vyake vya hewa, yanaishia China. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, na viwanda vya hapa vikatikisika. Nani aliweka masharti, nani aliyapima, nani alilipa gharama? Hilo ni andiko la utafiti. Nanyi wa Bugando mnaosomea tiba mnao utafiti wa Mwanza uliochapishwa 1995: kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ulisomwa dunia nzima.

Kwa maoni yangu, wengi wenu mngeanza na jirani. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki liko Kampala, Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha. Kupitia Sirari au Mutukula ni safari ya basi, viza hakuna; beba tu kadi ya homa ya manjano. Mtu aliyekaa majuma sita Jinja akisoma takwimu za uvuvi ana maombi mazito kuliko mwenye vyeti kumi vya semina za mtandaoni. Wanaotazama mbali wasisahau kwamba Mwanza ina udugu wa miji na Würzburg tangu 1966, na pia na Tampere ya Finland. Ulizeni halmashauri ya jiji, msiishie ofisi ya chuo.

Mkishakwenda, ombeni transkripti yenye mhuri kabla ya kuondoka huko, mbili kama inawezekana: moja ya msajili, moja yenu. Ikitumwa baadaye huweza kufika matokeo ya mwaka yakiwa yameshapitishwa na seneti, na kozi zako zikasomeka kama hukuzifanya.

Mzee wenu,
Mwanza